Mume wangu anasema presha ni ya wenye mawazo

"Assalamu alaykum daktari. Tunakaa Wete, mume wangu ana miaka 54. Mwezi uliopita alinisindikiza kliniki, muuguzi akamwambia na yeye akae apimwe. Ikatoka 172 kwa 104, na sukari 8.9, naye alikuwa ameshakunywa chai na maandazi. Wiki iliyofuata tukarudi, ikawa 166 kwa 100. Akapewa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Kavinywa siku tisa, kaacha. Anasema kichwa hakimuumi na usingizi anapata, kwa hiyo presha hana. Presha ni ya wenye mawazo. Watoto wakimuudhi ndio huchukua kimoja akameza. Mama mkwe anasema mwanawe ana damu nyingi, aumikwe, na anywe ndimu na kitunguu thomu. Jirani anasema ya kwake ni ya kushuka, maana juzi aliinuka jamvini macho yakamfunga kiza, akashika ukuta. Shemegi naye kamwambia dawa za presha ukizianza huziachi mpaka kaburini, na nguvu za kiume zinakwisha. Na sasa ni msimu, anapanda mikarafuu. Nimsikilize nani?"

Waalaykumu salaam dada yangu.

Humu wamesema watu wanne, mumeo, mkweo, jirani na shemegi, kila mmoja na neno lake la maradhi, na naamini wote wanamtakia heri. Nitawajibu wote. Lakini kwanza lile la haraka: mumeo asipande mkarafuu mpaka apimwe tena. Mengine yanaweza kungoja siku mbili tatu, hili haliwezi. Mtu aliyeona kiza alipoinuka jamvini hafai kusimama juu ya tawi, mita kumi kutoka chini, mkono mmoja umemshikilia na mwengine unachuma. Kuchambua na kuanika nako ni kazi ya karafuu. Wiki hii ashike hiyo, na miti wapande vijana.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Katika maneno yetu ya kila siku tuna presha mbili na tunaziita jina moja. Mtoto akichelewa kurudi chuoni tunasema kanipandisha presha. Mtu akiandamwa na wadai tunasema ana presha. Hiyo ni hasira, khofu na wasiwasi. Inakuja, unaisikia, inaondoka. Presha ya pili ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, na hiyo mtu haisikii. Mumeo anajipima kwa ile ya kwanza apate kujua kama ana ya pili. Anaona hana mawazo na halali macho, anahukumu kuwa yu mzima. Hukumu yake ina mantiki kabisa, ila imesimama juu ya neno lisilokuwa lake.

Ile 172 ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza kuisukuma. Ile 104 ni nguvu inayobaki wakati moyo unapolegea ili ujae tena. Kwa mtu mzima, kipimo cha kliniki kikifika 140 juu au 90 chini, na kikirudia hivyo siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Mumeo amepimwa siku mbili, wiki moja kati yake, na mara zote mbili namba zote mbili zimevuka. Hasira huweza kuipandisha presha ya mtu yeyote kwa muda, hilo ni kweli, lakini yeye alikuwa amekaa kliniki anakungoja wewe. Waliompa dawa hawakukosea.

Utaniuliza, mbona haumwi? Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, pale inapogawika chini ya taya, mwili una vipimio vyake vidogo vinavyoupa ubongo habari ya presha kila moyo unapopiga. Presha ikiruka ghafla, vinashtuka. Ikipanda polepole kwa miezi na miaka, vinazoea, mwisho vinaihesabu 170 kuwa ndiyo kawaida. Mtu analala, anakula, anakwenda shamba, na huku moyo unasukuma dhidi ya mzigo. Mkono wa mvuvi anayepiga kasia miaka nenda miaka rudi unajaa na kuwa mnene. Moyo nao hunenepa ukuta hivyo hivyo, lakini moyo ulionenepa huwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, na mwisho huchoka. Mishipa myembamba ya figo, ya macho na ya ubongo inakakamaa kidogo kidogo bila kupiga kelele.

Kuzoea huko kunaeleza jambo jengine linalowahusu nyinyi moja kwa moja. Mtu akianza dawa, wiki mbili za mwanzo anaweza kusikia mwili mnyonge na kichwa chepesi. Presha imeteremka kuelekea inapotakiwa, lakini mwili uliozoea 170 unaona umepungukiwa. Wengi huachia hapo, wakasema dawa hizi hazinifai. Muulize mumeo kwa upole, siku ya tisa ulisikia nini? Mara nyingi nyuma ya "mimi sina presha" kuna jambo dogo lililomtisha na hakupenda kulisema: miguu ilivimba kwenye vifundo, uso ulipata joto, kichwa kiliuma. Yote hayo amlodipini inaweza kuyaleta. Ule uvimbe wa vifundo hasa huwatia watu khofu kwamba dawa imeharibu figo. Haikuharibu, mishipa midogo imetanuka na maji kidogo yamevujia chini. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kumbadilishia dawa, lakini ni lazima aambiwe.

Kuhusu kumeza kidonge siku ya hasira, nina la kusema kutoka nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa na presha, na vidonge vyake alivifunga kwenye pindo la kanga. Akigombana na mtu, au moyo ukimwenda mbio, alifungua fundo akatoa kimoja. Siku nyengine zote alikuwa akituambia, "presha yangu leo imelala." Tulilipenda neno lile, tukawa tunamtania nalo. Mimi wakati huo nilikuwa tayari nasomea udaktari na sikuwahi kumuuliza fundo lile lina vidonge vingapi. Asubuhi moja alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, kikombe kikamponyoka. Alipona, aliishi miaka mingi baadaye, lakini mkono wake wa kushoto haukusuka tena ukili. Ndiyo sababu mgonjwa akiniambia anazo dawa, namuuliza zimebaki ngapi.

Amlodipini haifanyi kazi kama panado. Ukikimeza kidonge leo, kiwango chake katika damu hufika juu baada ya saa 6 hadi 12, na inahitaji kama wiki nzima ya kumeza kila siku ndipo kitulie mahali pake. Watoto wakimuudhi saa nne asubuhi akameza, dawa inakuja kushika wakati wa magharibi, hasira zimeshaondoka kitambo. Na zile siku tisa alizokunywa ndiyo kwanza dawa ilikuwa inatulia. Aliacha pale ilipoanza kumfaa.

Sasa jirani na "presha ya kushuka". Watu huizungumza kama maradhi ya pili, ndugu wa yale ya kupanda, na mtu huulizwa wewe una ipi. Kushuka kwa presha kupo, lakini mara nyingi ni alama ya jambo jengine: kiu, njaa, kuharisha, upungufu wa damu, dawa aliyomeza mtu, na mara nyengine tatizo la moyo wenyewe. Unapoinuka, nusu lita ya damu na zaidi huteremka miguuni na tumboni, na mishipa inatakiwa ijikaze ndani ya sekunde chache kuirudisha juu. Mtu wa miaka 54 ambaye mishipa yake imeanza kukakamaa, aliyetokwa na jasho shambani tangu alfajiri bila ya kunywa maji, na pengine kameza kidonge kimoja jana yake, mishipa yake inachelewa. Anaona kiza, anashika ukuta. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na 166 akiwa amekaa, na ikaanguka akisimama. Kipimo chake ni rahisi, uwaombe kliniki wakifanye: alale dakika tano apimwe, kisha asimame apimwe baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au ya chini kwa 10, tumepata sababu, na daktari atapanga dawa kwa kuijua hiyo.

Ninachokiogopa kwenye neno la jirani ni dawa yake. Mtu akiambiwa ana ya kushuka, hupewa maji ya chumvi na soda. Mumeo usimpe chumvi. Mpe maji, mwambie akiinuka akae kwanza ukingoni, ahesabu kidogo, ndipo asimame.

Mama mkwe mheshimu, na usibishane naye mbele ya mwanawe. "Damu nyingi" ni neno la wazee wetu, na waliona jambo la kweli: mtu mwenye uso uliojaa na shingo nene siku moja huanguka. Sababu yake ndiyo iliyokuwa nyengine. Mwili wa mwanamme mzima una damu ya lita 5 hivi, na mwenye presha hana debe la ziada. Tatizo liko kwenye mishipa iliyobana na figo zinazozuia chumvi. Kuumikwa kunatoa damu kidogo, na maji yake mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili. Kama mumeo anafanya hijama kwa kufuata Sunna, sina neno. Aangalie tu kwamba wembe ni mpya, umefunguliwa mbele yake, na vikombe ni safi, kwa sababu homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita hapo. Lakini isishike nafasi ya dawa, na asiumikwe wiki hii ambayo anaona kiza.

Ndimu nayo wanasema inakata damu. Haikati wala haipunguzi. Hata hivyo mimi naipenda kwa njia nyengine: samaki aliyepakwa ndimu, thomu na pilipili manga hahitaji chumvi nyingi, na hapo ndipo ndimu ya mama mkwe itakapomsaidia mwanawe kweli kweli. Mwambie hivyo, atafurahi. Thomu inashusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, haitoshi kuitoa 172 ilipo.

Chumvi ndiyo yenye nyumba Pemba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Sasa tazama mlo wetu: papa mkavu, ng'onda, supu ya mchana, urojo wa jioni, achari pembeni. Na kuna imani moja niisikiayo kila siku kliniki: chumvi mbichi ndiyo mbaya, ikishapikwa haina madhara. Watu huondoa kopo la chumvi mezani, na chungu kikatiwa vile vile. Moto hauibadilishi chumvi. Iliyoingia chunguni ndiyo inayoingia mwilini. Anza kwenye chungu, punguza kidogo kidogo kwa wiki tatu nne ili ulimi uzoee, na papa mroweke, umwage maji, umroweke tena. Hata akirowekwa huwa amebakiwa na chumvi nyingi, kwa hiyo asiwe kitoweo cha kila siku.

Shemegi amesema mawili. La kwanza, kwamba ukianza huachi. Wengi huzimeza miaka mingi, sitakuficha. Lakini dawa hazimfungi mtu. Maradhi ndiyo ya muda mrefu. Nimeona waliopunguza uzito, wakapunguza chumvi na kutembea kila siku, nikawapunguzia vidonge, na wachache tukaviacha huku tukiwapima. Uamuzi huo hufanywa kwa kipimo, na daktari akiwepo.

La pili linawauma wanaume zaidi na ndilo wanaloacha dawa kwa ajili yake, basi nalisema wazi. Presha yenyewe, kwa kukakamaza mishipa, ni miongoni mwa sababu kubwa za nguvu za kiume kupungua. Zipo dawa za presha zinazoweza kuchangia, hasa baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo na za kukojoza. Amlodipini na losatani ni nadra kuleta shida hiyo. Mumeo akiona mabadiliko, amwambie daktari faragha, wewe usiwepo kama ataona haya. Dawa hubadilishwa. Asinunue tu vidonge vya nguvu dukani. Vikikutana na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti, presha huanguka kwa namna ya kuua.

Sukari ya 8.9 baada ya chai na maandazi haitoshi kusema ana kisukari, wala haitoshi kusema hana. Apimwe asubuhi kabla ya kula chochote. Ikiwa 7.0 au zaidi, irudiwe siku nyengine kuthibitisha. Kwenye ziara hiyo hiyo aangaliwe figo kwa damu na mkojo, na moyo kwa kipimo cha umeme. Ikionekana damu kwenye mkojo, mtaje kichocho. Wengi wetu tuliokulia mabondeni na kuoga mitoni tulikojoa damu utotoni tukaambiwa ni kawaida, na kichocho cha muda mrefu huacha makovu kwenye njia za mkojo na kuziumiza figo. Daktari akilijua hilo hatomlaumu presha peke yake.

Nyumbani, kama mnaweza, tafuteni mashine inayofungwa mkono wa juu, ile ya kiganjani hukosea zaidi. Mkanda utoshe mkono wake; mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene huongeza namba. Pimeni hivi: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, awe ameshakojoa, hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, asikunje nne. Mkono uwe wazi, mkono wa kanzu usikunjwe ukambana juu, na uegemee meza usawa wa moyo. Dakika tano za kimya. Usimuulize habari ya ada za skuli wakati mashine inajaa. Pimeni mara mbili, dakika moja kati yake, na jioni vivyo hivyo, siku saba. Andika kila namba, hata isiyokupendeza. Siku ya kwanza iacheni, nyengine mtafute wastani. Kwa kipimo cha nyumbani mpaka ni 135 kwa 85.

Yapo mambo ambayo hayangoji daftari. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukakosa nguvu, maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi. Watasema kapigwa na upepo, watataka kombe kwanza. Dua na isomwe, isomwe ndani ya gari. Kiharusi cha bonge la damu kina dawa ya kuliyeyusha ambayo mwisho wake ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi bila picha ya kichwa, kwa sababu kiharusi cha kuvuja damu kwa nje kinafanana nacho na dawa hiyo humuua mwenye kuvuja. Angalia saa ilipoanza, uiseme hospitali. Usimpe chakula wala maji, asije akapaliwa, wala usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla ubongo hukosa damu. Kifua kubana kama kinakanyagwa, pumzi kukata akilala, kuzimia, au 180 kwa 120 pamoja na dalili yoyote ya hizi, njia ni moja: hospitali ya Wete hapo hapo. Namba hiyo ikitoka bila dalili yoyote, apumzike dakika tano mrudie. Ikibaki, nendeni siku hiyo hiyo.

Na mumeo akikwambia "moyo unaniuma", mwambie akuoneshe kwa mkono. Watu wetu wengi wakisema moyo huonesha chembe cha moyo, pale juu ya tumbo, na mara nyingi ni kiungulia. Lakini mtu wa umri wake mwenye presha, maumivu ya hapo yakija na jasho jembamba au akitembea, mchukulie kuwa ni moyo wenyewe mpaka apimwe.

Namna ya kumwambia haya, wewe unamjua kuliko mimi. Ushauri wangu ni usiyaseme mbele ya watoto wala ya mama yake, na usianze na dawa. Anza na kile kiza cha juzi, kwa sababu hicho alikisikia mwenyewe. Mwambie unataka kujua kimetoka wapi, mwende pamoja wiki hii, na pakiti ya vidonge mwichukue ilivyo, na vilivyobaki vihesabiwe mbele ya daktari bila ya kumsema. Mkishapata namba za siku saba, daftari mpe yeye alishike, aingie nalo mwenyewe.